Mifupa Niliyotaka Isionekane

Kondele, jioni

Ochieng mwanangu,

Sijui kama watu huandikia barua mtu ambaye yuko kwa kinyozi tu hapo chini barabarani, lakini mimi nimeamua. Baba yako amekusindikiza kwa sababu ana hakika kinyozi atakuharibu kichwa, kesho ufike Nakuru ukiwa kama kuku aliyenyonyolewa. Mimi nimebaki na meza, kalamu na harufu ya mafuta ya samaki ambayo haitoki hata nikioga na sabuni ya kufulia. Barua hii utaikuta katikati ya nguo zako. Usiifungue ndani ya basi. Ifungue ukishafika, ukiwa umekaa.

Sitakuambia ufue soksi. Sitakuambia usali, wala uchague marafiki, wala usiazime shuka ya mtu. Hayo umeyasikia tangu uzaliwe, na kama hayakuingia, barua moja haitayaingiza. Nataka kukuandikia juu ya jambo ambalo mimi na wewe tumeligombania miaka yote hii bila kukaa chini tukalimaliza, yaani mwili wako.

Naanza na furaha, maana ndiyo iliyonipa nguvu ya kushika kalamu. Wiki iliyopita, tulipokwenda upimwe kabla ya chuo, daktari alikushika mkono ule uliovunjika mara mbili. Akaukunja, akaukunjua, akakuminya kwenye kifundo, akakuambia usukume ukuta. Kisha akatazama picha ya mfupa na kusema, "Hii imeshika vizuri. Aende tu apande hizo nguzo zake za umeme." Hapo mimi nikaanza kucheka. Nilicheka hadi wagonjwa kwenye benchi wakageuka, na wewe ukaninong'oneza, "Mathe, watu wanaangalia." Waache waangalie. Sikuwa nikimcheka daktari. Nilikuwa natua mzigo nilioubeba tangu kabla hujazaliwa, na mzigo wenyewe wewe unaujua nusu tu.

Mjomba wako Wandera unamjua kwa picha moja, ile iliyotundikwa kwa kukhu, mama yangu, kule Port Victoria, amesimama kifua wazi ameshika samaki wa mbuta mrefu kuliko mtoto wa shule. Picha hiyo ilipigwa akiwa mzima. Baadaye alianza kukonda. Mimi nilikuwa msichana wa shule ya msingi, na kazi yangu ilikuwa kumpelekea uji. Nilimwona akitoboa mkanda wake tundu jipya kwa msumari uliopashwa moto jikoni, ili suruali isimwanguke. Baada ya muda akatoboa lingine. Kukhu yako alikuwa anageuka upande wa pili akijifanya anapepeta mtama. Wazee wengine walisema ni chira, kwamba amevunja mwiko na ndiyo maana mwili unamwisha. Wengine walisogeza tu viti vyao mbali. Dawa zilizopo leo hazikuwa zimefika kwetu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi tulificha mpaka pakawa hakuna cha kuficha tena, kwa sababu mifupa yenyewe ilikuwa inasema.

Tulimzika. Kwa miaka mingi baadaye, mfupa wa mtu ukionekana chini ya ngozi, mimi nilikuwa naona kaburi. Na si mimi peke yangu. Muulize mama yeyote wa rika langu kando ya ziwa hili. Tulikua wakati ambapo mtu akipungua kidogo, hata kama ni malaria, jina lake linanong'onwa sokoni kabla ya jua kutua. Ndiyo sababu tulipopata watoto tuliwalisha kana kwamba tunajibu mashtaka.

Wewe ulizaliwa mwembamba kama omena, dagaa wa ziwa hili. Baba yako akakuita Ochieng kwa kuwa ulikuja jua likiwaka, akaenda mbio kuwaambia mafundi wenzake wa vyuma kule kwenye karakana za jua kali. Mimi nilitazama miguu yako nikalia, na muuguzi akadhani ni uchungu wa kuzaa. Nikaapa palepale kwamba mtoto huyu atanenepa mpaka watu wachoke kumbeba.

Na nikaweza. Nikikupeleka kliniki nilikuwa nafunga leso legelege makusudi ili akina mama kwenye foleni waone mapaja yako. Kibandani, mteja hakununua samaki kabla ya kukuminya shavu. "Nyathini ochwe," walikuwa wananiambia, mtoto wako amenenepa, na mimi najibu kuwa ni Mungu, huku moyoni najua ni mafuta yangu. Ulikuwa bango la biashara. Baba yako alisema kama ningekupaka rangi na kuandika bei tumboni, tungeuza maradufu.

Ulikula chipsi za jirani na soda. Ulikula mandazi kabla ya chai, pamoja na chai, na baada ya chai. Omena niliipiga marufuku kwenye sahani yako. Hiyo ndiyo niliyokulia mimi, na mgongo wazi pia, yale mabaki ya mbuta ambayo viwanda hutupa vikishatoa mnofu, nasi tukayakaanga na kuguguna mifupa. Mtoto wangu agugune mifupa, kwani mimi nimekufa? Wewe ulipewa mnofu. Nikakutafutia boda boda ya kukupeleka shule, shule ambayo ukisimama mlangoni kwetu unaiona. Jioni ulikaa nyuma yangu kibandani, kivulini, kwa maana niliamini jua linamnyonya mtoto. Baba yako alikupa jina la jua, mimi nikakuficha jua. Mpira nilikukataza mwenyewe. Ulipoomba viatu vya kuchezea nilikuambia utaumia, nikakununulia chipsi.

Sikufanya hayo kwa ujinga mtupu, ujue. Niliamini kabisa kwamba mtu mnene ana mifupa minene. Huku kwetu tunasema mtoto fulani ana mifupa mikubwa, na hakuna anayeuliza nani ameiona. Nilitaka mifupa yako isionekane. Sikujiuliza hata siku moja kama huko ndani ilikuwa mizima.

Ulipovunjika mara ya kwanza ulikuwa darasa la nane. Uliteleza penye mfereji wa ploti yetu, pale wapangaji wote wanapofulia, ukatanguliza mkono. Nilimlaumu aliyemwaga sabuni. Mkono ukafungwa plasta, ukapona, nikakuongezea chakula kwa sababu mgonjwa hulishwa.

Mara ya pili ulikuwa kidato cha kwanza, na hapo ndipo niliharibu mambo. Nilipigiwa simu nije shuleni, nikakukuta umeshikilia mkono uleule, umekuwa wa kijivu usoni. Wakasema ulianguka uwanjani. Nikauliza nani alikuwa karibu, wakasema ni Brayo, mwenzako wa shule. Mimi sikuhitaji kusikia zaidi. Mtoto mkubwa kama wewe avunjike kwa kuanguka tu, mahali pasipo hata jiwe? Haiwezekani. Amepigwa. Ukaniambia ndani ya tuktuk, ukiwa na maumivu yako, "Mathe, Brayo hakunigusa. Nilikuwa nakimbia tu." Nikakuambia unyamaze, unamficha.

Unajua nilichofanya, maana Kondele nzima inajua. Nilimwendea Mama Brayo pale anapouzia sukuma wiki, mbele ya wateja wake na wangu, nikamwambia amezaa jambazi. Nikasema mengine ambayo siwezi kuyaandika kwenye karatasi utakayoibeba hadi chuoni. Yeye alinyunyizia tu mboga zake maji. Wamama waliokuwa upande wangu walinishangilia, nikarudi kibandani nikiwa najiona shujaa.

Kesho yake hospitali ilituita turudi kwa sababu kulikuwa na daktari aliyetaka kukuona. Unamkumbuka, yule dada mwenye miwani, mdogo hata kwangu, nikadhani ni mwanafunzi. Alilinganisha picha mbili, ya kwanza na ya pili. Akauliza unakula nini. Nikamtajia kwa maringo, nikianza na mnofu. Akauliza unacheza nini. Nikasema huchezi, mimi siyo mama wa kuacha mtoto azurure. Akauliza kama unakaa juani. Nikasema kamwe. Kila jibu nilitoa kama mtu anayepokea zawadi za kufunga shule.

Akavua miwani. "Mama, unene na mfupa ni vitu mbili tofauti," akaniambia. "Huyu kijana ni mzito, lakini mifupa yake haijawahi fanya kazi."

Akanieleza taratibu. Kwamba miaka hii ya kubalehe ndiyo mvulana anajenga sehemu kubwa ya mifupa atakayosimamia hadi uzeeni. Kwamba kinachouambia mfupa ujikaze ni msuli unaouvuta na mguu unaogonga ardhi, na mafuta hayavuti kitu. Yakizidi, hasa ya tumboni, yanaweza hata kuudhoofisha. Na mtoto mzito akianguka, anaangukia kifundo kimoja na uzito wake wote. Akasema soda ilikuwa imechukua nafasi ya maziwa, na ile omena niliyokuwa nikiiuza kwa watu ingekusaidia kuliko mnofu, kwa sababu huliwa na mifupa yake.

Nilisikia matusi. Nilitoka pale nikilalamika njia nzima kwamba wasichana wa siku hizi wakipewa koti jeupe wanadharau wazazi. Ni baba yako aliyeninyamazisha. Alikuwa anachomelea geti, akainua ile ngao yake ya uso akanisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Mama Ochieng, paka bomba rangi mara kumi. Kama ni jembamba, litakunjika tu." Akashusha ngao akaendelea na kazi. Hasira yangu iliisha palepale nikabaki na aibu, na aibu haina mahali pa kuiweka.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wewe, mwanangu, ulinisikiliza kwa kila kitu, ulikula kila nilichokuwekea, ulikaa pale nilipokuambia ukae, na ndiyo sababu ukavunjika mkono. Nimeicheka methali hiyo peke yangu mara nyingi, na kila nikicheka inaniuma kidogo.

Nilimpelekea Mama Brayo samaki. Nilichagua ngege mzuri, nikamkaanga mwenyewe kwa mafuta mapya, nikamfunga kwenye gazeti. Nikasimama mbele ya mboga zake nikasema nilikosea. Akamfungua, akamega kipande, akatafuna kwa muda mrefu sana. "Chumvi imezidi," akasema. Akanipa fungu la mboga ya osuga nikale na watu wangu, na tangu siku hiyo hatujawahi kulitaja jambo hilo. Ukitaka kujua msamaha wa Kondele unakaaje, ndivyo ulivyo.

Ungedhani nimejifunza. Nilijifunza nusu, na nusu hiyo nikaigeuza fimbo. Nilikuwa nimekunenepesha mbele ya watu, sasa nikaanza kukupunguza mbele ya watu. Niliwatangazia ploti nzima kwamba daktari amesema umezidi. Nikawaambia wamama wa kanisa, nao kwa upendo wao wakakuwekea macho. Shangazi yako akija kutoka Bondo anahesabu chapati zako kwa sauti. Hata mchungaji alikutania kwenye harambee, watu wakacheka, nawe ukacheka pia. Mimi niliona umecheka nikadhani ni sawa.

Ukaanza kuvaa sweta. Kisumu hii, jua hili, na wewe kwenye sweta asubuhi hadi jioni ili mtu asione kifua chako. Nikakuuliza kama una homa. Ukasema unasikia baridi, na mimi, mama mtu, nikakubali.

Kisha ukapungua, tena haraka. Watu wakanipongeza. Mimi pia nilifurahi, kwa muda mfupi, mpaka asubuhi ile ulipotoka bafuni na taulo nikaona mifupa ya shingo yako imesimama. Ochieng, sijui nikuelezeje. Sikukuona wewe. Nilimwona Wandera mlangoni, na ule mkanda wake. Niliachilia sufuria. Ukaja kunisaidia kuokota ugali uliomwagika, na mimi nikawa natazama viwiko vyako.

Sikukuambia tunaenda wapi. Nilisema tu uvae viatu. Ulipoona tumefika hospitali, tumepita mlango wa mifupa tukaelekea ule mwingine, ule wa kupimwa damu ambao kila mtu Kisumu anaujua, ulisimama. Ulikuwa na miaka kumi na tano. Ulinitazama kwa uso ambao sijauona tena, na ninaomba nisiuone tena. Ulisema polepole, bila kuninyanyulia sauti, "Mathe, mimi si Mjomba Wandera. Si ati niko mgonjwa. Nimeacha tu kula ndio mnyamaze."

Ndio mnyamaze. Nimeuza samaki karibu na stendi maisha yangu yote, nimetukanwa na makanga, walevi na wateja wa mkopo. Hakuna neno lililowahi kuniingia kama lile. Nilikaa kwenye ukingo wa maua pale hospitali. Wewe ukakaa kando yangu, ukanieleza kila kitu. Ugali uliokuwa ukiufunga kwenye karatasi na kuwapelekea mbwa wa fundi viatu. Uji wa shule uliokuwa ukimpa Brayo. Jinsi ulivyokuwa unaona kizunguzungu kwenye ngazi. Ulieleza bila kulia. Niliyelia ni mimi, na ni wewe uliyenipa kona ya sweta nijifute.

Tulirudi kwa yule dada wa miwani. Safari hii sikujibu swali hata moja, niliacha ujibu mwenyewe. Hakukugombeza. Alikuambia mwili wako ulikuwa kwenye ujenzi na wewe ulikuwa umewafukuza mafundi. Alisema mvulana anayekua akijinyima hivyo, mfupa nao hukosa, kwa hiyo hukuwa umeukimbia ubaya, ulikuwa umeuzunguka ukaukuta upande wa pili. Halafu akanigeukia mimi. "Mama, toa macho kwa sahani yake. Kama unataka kumsaidia, fanya na yeye."

Nikamuuliza nifanye nini. Akasema hata kuruka kamba kunatosha kuanzia.

Hapa ningependa ucheke popote ulipo. Mimi, Mama Ochieng, mama wa mwili huu unaoujua, nilinunua kamba ya katani pale sokoni nikaanza kuruka uani kabla ya kwenda kibandani. Siku ya kwanza leso ilidondoka mbele ya mwenye ploti. Wapangaji walitoa vichwa madirishani. Mzee wa nyumba ya pembeni aliuliza kama nimepatwa na mapepo au nimeokoka upya. Wewe ulijificha ndani kwa aibu. Ulitoka kwa sababu niliendelea kujikwaa, na ulishindwa kuvumilia jinsi nilivyokuwa nakosea. Ukaninyang'anya kamba unionyeshe. Mkono wako ulikuwa umetoka plasta zamani na ulikuwa bado unauogopa, lakini uliruka. Brayo alikuja kucheka, akabaki kuruka.

Nikaleta omena nyumbani. Nikaikaanga na nyanya na kitunguu, nikaiweka katikati ya meza pamoja na maziwa lala na osuga, nikala yangu, nikakaa kimya. Kukaa kimya kulinishinda kuliko kuruka kamba. Nilikuwa nauma ulimi kabisa. Baba yako alikuwa ananikanyaga mguu chini ya meza kila nikifungua mdomo. Ulichukua kidogo, siku nyingine ukaongeza. Ukaanza kumfuata baba yako jua kali, ukabeba vyuma, ukaungua mgongo kwa jua, ukarudi na njaa ya kweli. Ukaanza kwenda shule kwa miguu. Sweta ikabaki kwenye msumari, na siku moja nikaigeuza tambara la kupangusia meza bila kusema lolote.

Haukuja muujiza, na nashukuru haukuja. Huna mwili wa matangazo. Kitumbo chako kidogo bado kipo, ni cha baba yako na cha babu yako, utazikwa nacho. Lakini mabega yamekuja, na ukishika ngazi unaishika kama mtu anayejua itakaa. Ulipotuambia unataka kusomea umeme, kazi ya kupanda juu, nilikimbia chooni nikakaa humo. Nilikuwa nasikia mfupa ukivunjika. Nilitaka kukukataza, kama nilivyokukataza mpira. Sikukukataza. Nilisema tu tungoje daktari aseme. Kwa hiyo sasa unajua kwa nini alipotoa neno lake nilicheka pale kwenye benchi kama mwendawazimu.

Kama kuna kitu nataka ubebe, ni kidogo. Woga wangu ulikuwa na sababu yake, ulitoka kwa mtu niliyempenda, lakini wewe hukumpelekea uji. Usiubebe. Chuoni atatokea mtu atakayekuita mnono, na mwingine atakayekuita mwembamba, pengine wiki ileile. Wote watakuwa wanazungumza juu ya vitu vyao. Mimi mwenyewe, kwa miaka mingi, nilipokuwa nikikutazama nilikuwa nazungumza na marehemu. Siku ukijikuta unaficha chakula tena, au unakula ukiwa umefunga mlango, usiniogope. Nipigie. Sitapiga kelele, na ikinishinda nitampa baba yako simu.

Mifupa yako bado inajengwa, yule dada alisema itaendelea miaka kadhaa. Haba na haba hujaza kibaba. Iache ifanye kazi yake, na wewe ufanye yako, na mimi nijaribu kuuza samaki.

Mchana wa leo tulikula pamoja, na uliacha ugali kwenye sahani. Kipande kizuri tu. Ukasema, "Nimeshiba, Mathe," ukasukuma kiti nyuma. Mkono wangu ulikuwa tayari umeshika mwiko nikuongezee. Niliuona mwenyewe, nikaurudisha. Ulipita mlangoni ukimwita baba yako mwende kwa kinyozi, nikaona mfupa wa bega lako chini ya fulana, na nikakaa pale nikiungoja ule woga wangu wa siku zote. Haukuja. Niliungoja kabisa, Ochieng, kama mtu anayengoja gari alilolizoea. Haukuja, na ugali wako nikaula mimi.

Nasikia sauti zenu kwenye ngazi, baba yako anakulaumu kwa sababu kinyozi amekunyoa vizuri. Kwa hiyo nimalizie.

Desemba utakuja. Nitakuwa nimesimama stendi tangu asubuhi, unajua nitakuwa. Basi litafungua mlango, na mdomo wangu utataka kukusalimu kwa salamu ya akina mama wote wa nchi hii: "Umekonda." Au utakuwa umenenepa kwa chapati za Nakuru, na mdomo utataka kumshukuru Mungu. Nimeanza kuuzoeza tangu leo. Nitakuuliza habari ya safari. Kisha nitakutazama usoni, hapo tu, mpaka umalize kunijibu.

Mama yako